Wafu Wenye Madai: Filamu za Mizimu za Uhispania na Makaburi Yasiyo na Majina

Filamu ya mizimu, yaani hadithi ya kusisimua ambayo ndani yake marehemu huwarudia walio hai, au walio hai hutafuta njia ya kusema naye, kwa kawaida hupimwa kwa woga inaouamsha, na kwa kipimo hicho zipo filamu nyingi zinazofaulu bila ya kusema jambo lolote. Mlango hujifunga wenyewe, uso mweupe hujitokeza kiooni, muziki hupasuka ghafla, mtazamaji hushtuka, na saa moja baadaye hakumbuki aliyekufa alikuwa nani wala alirudi kwa sababu gani. Kipimo kilicho bora zaidi ni swali ambalo wazee wa jamii nyingi wangeliuliza kwanza wakiambiwa kwamba marehemu ameonekana: anataka nini, na anamdai nani? Filamu isiyoweza kulijibu swali hilo imemtumia marehemu kama kitisho tu, ilhali ile inayolijibu humrudishia utu wake, kwa sababu mwenye dai ni mtu, na dai lake hubaki hata baada ya mwili kuoza.

Mfano ulio wazi wa jambo hili unapatikana Uhispania, nchi ambayo katika kipindi kifupi, kuanzia 2001 hadi 2007, ilitoa filamu tatu za mizimu zilizotazamwa mbali na mipaka yake, nazo ni El espinazo del diablo, yaani Uti wa Mgongo wa Shetani, ya Guillermo del Toro, na The Others, yaani Wale Wengine, ya Alejandro Amenábar, zote mbili za 2001, kisha El orfanato, yaani Makao ya Yatima, ya J. A. Bayona, ya 2007. Waongozaji hao hawakuwa kundi moja lenye shabaha iliyotangazwa; Del Toro ni Mmexico, Amenábar alizaliwa Chile, na filamu yake inazungumzwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, zikiwekwa pamoja huonekana zinalizunguka jambo lile lile: nyumba kubwa yenye watoto, kifo kilichotokea ndani yake, mtu mzima anayekijua au anayekataa kukijua, na ukweli uliofukiwa pamoja na wafu.

Uzito wa jambo hilo hauonekani bila ya kuijua historia ya nchi yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Julai 1936, majenerali walipoasi dhidi ya serikali ya Jamhuri, vilimalizika tarehe 1 Aprili 1939 kwa ushindi wa Francisco Franco, ambaye aliitawala nchi hadi alipofariki tarehe 20 Novemba 1975. Pande zote mbili ziliua raia wasio na silaha, lakini baada ya ushindi wafu wengi wa washindi walitafutwa, wakazikwa upya kwa heshima na majina yao yakachongwa kwenye kuta za makanisa, ilhali wafu wa walioshindwa, waliotolewa majumbani au magerezani na kupigwa risasi kando ya barabara na kwenye kuta za makaburi, waliachwa katika mashimo walimofukiwa, na jamaa zao wakaishi miongo kadhaa wakiogopa hata kuwataja. Oktoba 1977 Bunge jipya lilipitisha sheria ya msamaha ambayo iliwafungulia wafungwa wa kisiasa na papo hapo ikaifunga njia ya kuwashtaki watumishi wa utawala uliopita. Pamoja nayo kulikuwa na maelewano ambayo hayakuandikwa popote, yaliyokuja kuitwa mapatano ya kusahau, kwamba yaliyopita yasichimbuliwe ili demokrasia changa ipate kusimama. Jaji Baltasar Garzón alipojaribu kulifungua shauri hilo mwaka 2008, hesabu ya waliotoweka iliyoandikwa katika uamuzi wake ilikuwa watu 114,226, na shauri lenyewe likazuiwa lisiendelee.

Kabla ya filamu hizo tatu kulikuwa na moja iliyozifungulia njia, El espíritu de la colmena, yaani Roho wa Mzinga wa Nyuki, ambayo Víctor Erice aliitoa mwaka 1973, Franco akiwa bado hai na wadhibiti wa serikali wakiwa bado kazini. Mwaka wa hadithi ni 1940, mahali ni kijiji cha Castilla, na sinema ya kuhamahama inaleta Frankenstein ya James Whale ya 1931, ambayo binti mdogo aitwaye Ana anaitazama kwa macho yasiyopepesa, kisha anamuuliza dada yake kwa nini yule kiumbe aliuawa. Dada anamjibu kwamba hakufa, kwamba ni roho, na kwamba anayefumba macho na kumwita kwa kujitaja jina atajibiwa. Ana anaita, na anayekuja ni mtu halisi, mtoro aliyejeruhiwa aliyejificha katika banda la mifugo lililoachwa, ambaye filamu haisemi ni nani, ingawa mtazamaji wa Uhispania hakuhitaji kuambiwa ni watu gani waliokuwa wakikimbia katika mwaka 1940. Ana anampelekea tofaa na koti la baba yake. Usiku bunduki zinalia. Kisha maiti inalazwa katika ukumbi ule ule uliotumika kuonyeshea filamu, mbele ya pazia la picha. Erice hakuweza kumtaja aliyeuawa, hivyo akamwachia mtoto amwite roho, na katika zama za kuzibwa midomo lugha ya mizimu ikambebea habari ambayo lugha ya kawaida isingeruhusiwa kuibeba, kwamba mtu ameuawa na hakuna aliyeuliza.

Guillermo del Toro, alipoanza kuandika hadithi iliyokuja kuwa El espinazo del diablo, aliiweka katika Mapinduzi ya Mexico, kisha baadaye akaihamishia Uhispania ya mwishoni mwa vita, na uhamisho huo ndio ulioipa filamu mizizi yake. Carlos, mtoto ambaye baba yake amefia upande wa Jamhuri bila ya yeye kuambiwa, anaachwa katika makao ya yatima yaliyo peke yake katika uwanda mkavu, ambako katikati ya ua limesimama bomu lililodondoshwa na ndege na ambalo halikulipuka. Usiku anaanza kumwona mtoto mwingine, Santi, aliyetoweka usiku ule ule bomu lilipoanguka. Ustadi wa Del Toro umo katika namna alivyoliunda umbo la mzimu huyu: damu inayotoka katika jeraha la kichwa chake haidondoki chini, inapanda juu polepole, na hewa iliyomzunguka imejaa chembechembe zinazoelea, kwa sababu mwili wake umo ndani ya birika la maji lililo chini ya nyumba, alimotumbukizwa na Jacinto, kijana mtunza nyumba. Mzimu huyu ni ushahidi unaotembea. Mtazamaji makini anaweza kujua mahali ulipo mwili kabla ya mhusika yeyote kutamka, kwa kuitazama tu damu na maji, na hivyo kitu ambacho katika filamu duni kingekuwa pambo la kutisha kimegeuzwa kuwa taarifa ya uchunguzi.

Santi anapomwambia Carlos kwamba wengi watakufa, watoto wanayachukua maneno hayo kuwa ni kitisho, na mtazamaji pia huyachukua hivyo, hadi Jacinto, anayeitafuta dhahabu ya Jamhuri iliyofichwa katika makao, anapoyachoma moto na kuua. Hapo ndipo inapobainika kwamba marehemu alikuwa akionya. Woga unamhama aliyekufa na kumwelekea aliye hai, mwenye sura nzuri na funguo mkononi, na kuhama huko ndiko kunakoipa filamu hadhi yake. Pembeni yupo Daktari Casares, mtu wa sayansi ambaye huhifadhi katika chupa za pombe vijusi vyenye ulemavu wa uti wa mgongo ulioipa filamu jina lake, akiwauzia wanakijiji pombe hiyo kama dawa huku akisema haamini ushirikina, kisha mara mlango unapofungwa akainywa mwenyewe. Del Toro hamdhihaki. Casares anafia dirishani akiwa na bunduki, akiwalinda watoto, na baada ya kufa anawafungulia mlango, kwa kuwa aliahidi kutowaacha. Mzimu mmoja anadai, mwingine anatimiza ahadi, na yote mawili yanatokana na wazo moja kwamba kifo hakifuti wajibu.

Ilitokea kwamba miezi michache kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa, Oktoba 2000, shimo la kando ya barabara huko Priaranza del Bierzo, katika mkoa wa León, lilifunguliwa kwa juhudi za mwandishi wa habari Emilio Silva, aliyekuwa akimtafuta babu yake aliyepigwa risasi Oktoba 1936. Wataalamu wa mambo ya kale na wa uchunguzi wa maiti walikuta humo mabaki ya wanaume 13, na mwaka 2003 vipimo vya vinasaba, yaani chembe za urithi zinazomtambulisha mtu na ukoo wake, vikathibitisha kwamba mmoja wao alikuwa ndiye babu huyo. Kutokana na tukio hilo kilizaliwa chama cha kurejesha kumbukumbu ya kihistoria ambacho kimefungua mashimo mengi tangu wakati huo. Hakuna sababu ya kudai kwamba filamu ilitokana na ufukuaji au ufukuaji ulitokana na filamu. Lililo kweli ni kwamba kizazi cha wajukuu, ambacho hakikupigana wala hakikutia saini mapatano yoyote, kilikuwa kimefika umri wa kuuliza, na swali lake lilijitokeza kwa wakati mmoja kwenye pazia la sinema na kwenye ncha ya jembe.

Mawasiliano na wafu yana historia yake Ulaya, nayo inafafanua mengi. Imani ya uwasiliani wa roho, inayoshikilia kwamba marehemu wanaweza kuzungumza kupitia mtu maalumu, ambaye katika uganga wa pwani ya Afrika Mashariki angefanana na yule aitwaye kiti cha pepo, ilienea kutoka jimbo la New York baada ya mabinti wa familia ya Fox kudai mwaka 1848 kwamba wanasikia bisho za marehemu, ikapewa kitabu chake cha mafundisho na Mfaransa Allan Kardec mwaka 1857, na ilipoingia Uhispania ilipokewa kwa moto, kwani tarehe 9 Oktoba 1861 vitabu na majarida 300 vya Kardec na wenzake vilichomwa hadharani Barcelona kwa amri ya askofu. Imani hiyo haikufa. Mji huo huo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa wafuasi wake mwaka 1888. Lakini wakati wake wa nguvu ulikuja Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, serikali ilipoamua kwamba askari wazikwe ng'ambo walikoanguka, na maelfu ya wazazi wakabaki bila ya kaburi la kulitembelea. Mwanafizikia Oliver Lodge, aliyempoteza mwanawe Raymond mwaka 1915, alichapisha mwaka uliofuata kitabu kizima kuhusu mazungumzo aliyoamini amefanya naye. Kikao cha kuita wafu, pale watu wanapokaa kuzunguka meza na kungoja sauti, hushamiri mahali ambapo mwili umekosekana, kwa sababu aliyezika ana pa kwenda kulia, na ambaye hakuzika hutafuta mlango mwingine.

Amenábar anakijua kikao hicho, na katika The Others anakipindua. Grace, anayeigizwa na Nicole Kidman, anaishi na watoto wake wawili katika kisiwa cha Jersey mwaka 1945, mara tu baada ya Wajerumani kuondoka, huku mume wake hajarudi kutoka vitani. Watoto wana ugonjwa wa kutovumilia mwanga, hivyo mapazia hayafunguliwi kamwe na mlango mmoja haufunguliwi kabla ya mwingine kufungwa kwa ufunguo. Nyumba inasikika ina wageni wasioonekana. Katika tukio la mwisho kikao cha kuita wafu kinafanyika, mwanamke mzee mwenye macho meupe anaandika kwa kasi majibu anayoyapokea, na hapo mtazamaji anagundua kwamba wanaoulizwa ni Grace na watoto wake, kwamba wao ndio wafu, na kwamba mama huyo ndiye aliyewaua wanawe kwa mto wa kulalia kabla ya kujiua. Yapasa kuwa mwangalifu hapa, kwa kuwa hakuna Mhispania wala vita vya Uhispania katika hadithi hii, na anayeisoma kama fumbo la nchi moja tu anaipunja. Hata hivyo nyumba ambayo mwenyewe ameifunga madirisha ili asijue alichokitenda, ambayo ndani yake watoto wanaoanza kukumbuka wanaadhibiwa kwa kusema uongo, si nyumba ambayo Mhispania wa 2001 angeitazama kama ya ugenini, na tuzo nane za Goya, ambazo ni tuzo kuu za sinema nchini humo, zilizopewa filamu isiyo na neno hata moja la Kihispania, zinaonyesha kwamba ilipokewa kama jambo la nyumbani.

Iliyozama zaidi ya zote ni El orfanato. Laura, anayeigizwa na Belén Rueda, anarudi na mumewe na mtoto wao wa kulea, Simón, katika jumba alikolelewa kama yatima, akinuia kulifungua tena kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, na siku ya sherehe ya ufunguzi Simón anatoweka. Polisi wanatafuta, miezi inapita, na hatimaye Laura anamkaribisha Aurora, mwanamke mwenye kipaji cha kuwasikia wafu, anayeigizwa na Geraldine Chaplin. Bayona anaionyesha safari ya Aurora ndani ya nyumba kupitia kamera za usiku na vipaza sauti, huku wataalamu wakiwa wamekaa mbele ya viwambo, kana kwamba ni upekuzi wa kipolisi. Kinachosikika ni vilio vya watoto waliopewa sumu, wenzake Laura wa utotoni, ambao mabaki yao atayakuta baadaye katika banda la nje, wameuawa na mtumishi wa zamani aliyelipiza kisasi cha mwanawe. Mume hasadiki. Mashine zimenasa sauti lakini hazikumlazimisha mtu kuamini, na maelezo haya madogo ni sahihi mno, kwani katika mambo ya wafu kilichokosekana mara nyingi ni nia ya kusikia, wakati ushahidi upo.

Ndipo Laura anaamua kufanya jambo ambalo halina kifani katika filamu za aina hii. Anaacha kuwafukuza au kuwahoji. Anayarudisha makao yalivyokuwa, anatandika vitanda vya zamani, anavaa sare ya watumishi, anaandaa meza, kisha anasimama ameuelekea ukuta na kuanza mchezo wa utotoni ambao mmoja hubisha ukutani na kugeuka huku wengine wakimsogelea kwa nyuma. Anabisha, anageuka, hakuna mtu, anabisha tena, mlango wa nyuma umefunguka, anabisha tena, na wapo. Tukio zima halina damu wala kelele, na linatisha kuliko yote kwa sababu wanaosogea ni watoto waliongoja kwa miaka mingi mtu wa kucheza nao. Wanamwongoza hadi ghala lililofichwa chini ya ngazi, na humo anaukuta mwili wa Simón. Hakuibwa na mzimu wala na mwuaji. Alijificha humo siku ile ya sherehe, na Laura mwenyewe, akiwa anamtafuta kwa wasiwasi, aliacha mabomba ya chuma mbele ya mlango wasioujua, na bisho zilizosikika usiku ule, zilizodhaniwa kuwa za mizimu, zilikuwa za mtoto akiomba kufunguliwa. Filamu ya Del Toro ina mwuaji wa kuchukiwa, ilhali ya Bayona inamweka mbele ya mtazamaji mtu mwema aliyefunga mlango bila ya kujua na akaisikia sauti bila ya kuielewa. Kwa taifa ambalo wengi wa raia wake hawakuua mtu, lakini waliishi jirani na mashimo na wakajizoeza kutosikia, hadithi hiyo ina uchungu wa karibu zaidi. Ilianza kuonyeshwa nchini humo Oktoba 2007. Desemba ya mwaka huo sheria ya kumbukumbu ya kihistoria ikaanza kutumika, sheria iliyokiri haki ya jamaa kuwatafuta wafu wao huku ikiwaachia wao wenyewe sehemu kubwa ya kazi.

Wapo wanaopinga usomaji wa namna hii wakisema kwamba mzimu huirahisishia jamii mambo, kwa kuwa huleta hukumu ambayo mahakama haikuileta na mtazamaji akatoka ukumbini ameridhika. Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya mwisho wa El espinazo del diablo, ambapo watoto wanamchoma Jacinto kwa vijiti vilivyonolewa, naye anatumbukia birikani, uzito wa dhahabu aliyojifunga ukimvuta chini hadi mikononi mwa Santi. Sehemu hiyo inapendeza kuitazama na ni dhaifu kuliko filamu nzima, kwani katika Uhispania ya kweli watu kama Jacinto walizeeka, wakalipwa pensheni na wakafa vitandani mwao, na msamaha wa 1977 ukawa ngao yao. Mzimu anayelipiza kisasi humpunguzia aliye hai kazi ambayo ilimpasa aifanye. Pedro Almodóvar, ambaye kampuni yake ilikuwa miongoni mwa waliotayarisha filamu hiyo ya Del Toro, alilijibu tatizo hilo kwa njia yake katika Volver ya 2006, ambamo kijiji kizima cha La Mancha kinaamini kwamba mama aliyekufa amerudi kumtunza dada yake, na kumbe mama yu hai na amejificha. Anachodaiwa hakiwezi kulipwa na mzimu, kinalipwa kwa mama kukaa na bintiye na kumwomba radhi.

Afrika Mashariki ina madai ya aina hiyo hiyo. Mwili wa Dedan Kimathi, mpigania uhuru wa Kenya aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti, haukukabidhiwa familia yake. Na filamu ya hali halisi The Empty Grave, yaani Kaburi Tupu, ya Agnes Lisa Wegner na Mtanzania Cece Mlay, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2024, inawafuata jamaa wa Songea Mbano, nduna, yaani kiongozi, wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakikitafuta kichwa chake. Filamu za kutisha za eneo hili, ambazo zina majini na misukule wa kutosha, bado hazijawageukia sana wafu hao, na hilo ni pengo, kwa kuwa watazamaji wake hawahitaji kufundishwa kwamba marehemu asiyezikwa ipasavyo huwalemea walio hai.

Mwaka 2021 Almodóvar alitoa Madres paralelas, yaani Akina Mama Sambamba, ambamo mpiga picha anayeigizwa na Penélope Cruz anamwomba mtaalamu wa uchunguzi wa mifupa amsaidie kulifungua shimo alimozikwa baba wa bibi yake. Hakuna mzimu hata mmoja katika filamu hiyo. Wanakijiji wanatoa mate kwa ajili ya vipimo, wanataja marehemu alikuwa amevaa nini siku aliyochukuliwa, na udongo unaondolewa kwa brashi hadi vitu walivyovitaja vinaonekana. Kazi ambayo Santi aliifanya peke yake gizani, ya kuonyesha mwili uko wapi na nani aliuweka hapo, imehamia mikononi mwa wataalamu wakiwa kazini mchana, na sheria mpya ya Oktoba 2022 ikaifanya kuwa jukumu la serikali yenyewe. Mashimo mengi bado hayajafunguliwa, na mabinti na wana wa waliomo, waliokuwa wachanga mwaka 1936, wanazidi kupungua kila mwaka.